Namba Chini ya Kopo

Meneja alikuwa anamenya yai. Alilimenya taratibu kwa kucha ndefu ya kidole gumba, akipanga maganda kwenye kisahani, pembeni kabisa ya kopo lililoua watu wawili. Kila ganda lilipodondoka Mwalimu aligeuzia macho ukutani.

Mwalimu hakuwa mwalimu tena. Alifundisha hesabu kabla ya kujiunga na polisi, akapanda cheo hadi kuwa mpelelezi mkuu, lakini jina la chaki lilimganda na hata wezi walimwita hivyo. Kwa mtu wa kazi yake alikuwa na tumbo jepesi, na kiwanda hiki cha nyama za kopo kilikuwa kinammaliza. Tangu getini hewa ilikuwa nzito kwa mafuta yaliyochemka. Ukipitisha ulimi kwenye midomo, ulikuta umeshayaonja.

"Namba hii si yetu," alisema Meneja, bila kuinua macho kutoka kwenye yai lake. "Niliwaambia wenzako siku ile ile walipokuja. Mpishi wenu alinunua vichochoroni, akawalisha wazee wa watu. Sijui mnanisumbulia nini tena."

Kopo lilitoka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wazee wawili walianza kulegea kope, ndimi zikawa nzito, wakashindwa kumeza, mwisho wakashindwa hata kuvuta pumzi. Daktari alisema ni sumu ya nyama ya kopo ambayo haikuivishwa sawasawa. Mpishi wa nyumba ile alikuwa mahabusu. Yeye alishikilia kwamba makopo yaliletwa na lori la kiwanda. Kiwanda kilishikilia kwamba hakijui lolote. Saa nane mchana huu mpishi angepelekwa mahakamani kusomewa shtaka la kuua, na mtu pekee aliyekuwa hajaridhika na kesi hiyo alikuwa amekaa hapa anapambana na kichefuchefu.

"Nionyeshe tena," alisema Mwalimu.

Meneja alifuta vidole kwenye suruali yake, akavuta mashine ndogo iliyokaa mezani na kuandika namba iliyochapwa kwa wino chini ya kopo: 471024638577. Taa nyekundu ikawaka. Akachukua kopo jingine kutoka kabatini, akaandika namba yake, ikawaka ya kijani.

"Tarakimu kumi na mbili," alisema. "Mbili za mwanzo ni mtambo. Mbili zinazofuata ni mwezi, halafu mwaka, halafu nne za mzigo wenyewe. Makopo yote ya mzigo mmoja yana namba moja. Mbili za mwisho ni za ulinzi. Hizo nimezibuni mimi."

"Kwa kanuni gani?"

Hapo ndipo Meneja alipoliweka yai chini. Uso wake ulichangamka kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe.

"Namba ikate jozi jozi, uzijumlishe. Ukipata jibu refu, likate tena jozi jozi kutoka kulia, ujumlishe tena. Mwisho lazima ubaki na tisini na tisa. Ukibaki nayo, ujue namba nzima, ukubwa wake wote ule, inagawanyika kwa tisini na tisa bila baki. Mtu wa mtaani akijibunia namba yake, atabahatisha mara moja katika tisini na tisa."

Mwalimu aliitazama namba. Bilioni mia nne sabini na moja na vikorombwezo vyake. Akaikata kichwani: arobaini na saba, kumi, ishirini na nne, sitini na tatu, themanini na tano, sabini na saba. Mia tatu na sita. Kulia sita, kushoto tatu. Tisa.

"Inabaki tisa," alisema.

"Inatakiwa tisini na tisa. Bandia. Tumemaliza." Meneja alilitia yai lote mdomoni. "Na mpishi gani," aliendelea na kiini kikionekana kwenye meno, "mpishi gani hana pua? Angenusa."

"Daktari anasema sumu hii haina harufu," alisema Sajenti. Alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke mwembamba aliyenyooka kama rula, na hakuwa amekubali kukaa kwenye kiti chochote cha kiwanda kile.

"Kila mtu na lake," alisema Meneja.

"Kanuni hii nani mwingine anaijua?" aliuliza Mwalimu.

"Mashine hii, mashine ya kuchapa, na mimi. Wa ghalani na getini wana hesabu yao ya kienyeji, niliikuta. Niliwaachia, inawafurahisha."

Mwalimu aliinuka haraka kuliko adabu inavyoruhusu. Nje alivuta pumzi ndefu na kujuta, maana hewa ya nje ilikuwa ile ile.

"Yule bwana," alisema Sajenti, "angeweza walau kulitoa kopo mezani ndipo ale."

"Angeweza. Twende getini tukaone hesabu ya kienyeji."

Getini lori lilikuwa limesimama, limejaa maboksi. Mpakizi mmoja alikohoa na kutema mate kwenye sakafu ya saruji, na kabla hajafunga mdomo Sajenti alikuwa mbele yake.

"Hayo mate ni ya nani?"

"Yangu, dada."

"Yafute."

Mpakizi aliyafuta kwa kiatu huku wenzake wakimcheka. Kituoni wote walimjua Sajenti kwa hilo: waziri, mwizi, askari mwenzake, ukitema mate mbele yake utafuta mwenyewe. Mlinzi wa geti alinyoosha mgongo kama aliyekumbuka dhambi zake, akaanza kazi. Alichukua kopo moja kutoka kila mzigo, akasoma namba kwa sauti, na wapakizi wakaijumlisha tarakimu kwa tarakimu kwa kuimba, kila mmoja akijaribu kumshinda mwenzake kufika. Jumla ilipopatikana waliivunja nayo, mpaka ikabaki tarakimu moja.

"Tisa!" walimaliza kwa pamoja, na mlinzi akapiga bodi la lori kwa kiganja. Mzigo ulioishia kwenye namba nyingine haukutoka. Ndivyo walivyofanya kwa miaka, na waliona fahari.

Mkuu wa ghala alikuwa pembeni anasimamia. Alikuwa kaka wa mke wa Meneja, na kiwanda kizima, hadi wafagiaji, kilimwita Shemeji. Shati lake lilikuwa na doa la mafuta lililoanzia kifuani na kuteremka, la zamani na lililokubalika.

"Shemeji," alisema Mwalimu, naye akaona hana jina jingine la kumwita, "nivunjie hii." Akampa kopo la nyumba ya wazee, kitako juu.

Shemeji hakuhitaji hata kuimba. "Nne, saba, moja, sifuri, mbili, nne, sita, tatu, nane, tano, saba, saba. Hamsini na nne. Tano na nne, tisa." Akalirudisha kopo. "Inapita."

"Kwa hiyo ni yenu?"

"Kama inapita, si ndiyo..." Macho yake yalienda juu, kwenye dirisha la ofisi ya Meneja, yakarudi. "Ila bosi kasema ni bandia. Bosi ndiye anayejua."

"Bosi kasema. Asante."

Wakasogea nyuma ya lori. Sajenti alikuwa amekunja uso. "Afande, juu wanasema si yao, chini wanasema ni yao. Tumwamini nani?"

"Namba." Mwalimu alichomoa kipande cha chaki mfukoni. Hakuwahi kuacha kutembea nacho, na nguo zake zote zilikuwa na mfuko mmoja mweupe ndani. Akaandika tarakimu zote kumi na mbili kwenye turubai la lori. "Fikiria wewe ni mhuni wa mtaani. Umeiba nyama mbovu mahali, unataka kuiuza kama ya kiwanda hiki. Utaweka namba gani?"

"Yoyote. Nani atanikagua?"

"Hakuna. Huna geti la kupita. Sasa mbona huyu aliyeandika hii alihangaika ili jumla ya tarakimu iishie kwenye tisa?"

Sajenti alifikiri. "Inaweza kuwa bahati."

"Inaweza, mara moja katika tisa. Lakini kuna njia rahisi ya kubadili namba ya kweli na tisa ikabaki. Unabadilisha nafasi za tarakimu mbili. Anayejumlisha hajali nani kaanza, nani kafuata. Nne na saba ni kumi na moja, saba na nne ni kumi na moja. Geti halioni kitu. Ila jozi zinaona, kwa sababu saba ikihamia mbele haihesabiwi saba tena, inahesabiwa sabini."

Akaanza kubadilisha jirani kwa jirani. Arobaini na saba akaifanya sabini na nne, akajumlisha jozi zote upya, akafuta. Akasogea nafasi moja, akajumlisha, akafuta. Turubai lilikuwa na utando wa mafuta, chaki ikawa inateleza na kuacha uji wa kijivu kwenye vidole vyake. Alijifuta kwenye leso, akaiangalia leso, akaitupa. Karibu majirani wote aliowageuza walizidi kuharibu jumla. Mahali pamoja tu, baada ya jozi ya kwanza, alipoitoa kumi na kuweka sifuri moja, jumla iliteremka kutoka mia tatu na sita hadi mia mbili tisini na saba. Mbili na tisini na saba.

"Tisini na tisa," alisema Sajenti kwa sauti ya chini.

"Kati ya majirani wote, hao wawili peke yao. Na wako nafasi gani?"

"Mtambo... halafu mwezi." Sajenti aligeuka. "Mwezi wa kumi. Ulikuwa mwezi wa kwanza."

Akamwendea mlinzi wa geti moja kwa moja. "Kaka, mwezi wa kwanza hapa kulikuwa na nini?"

Mlinzi hakuwa na cha kuficha. Jiko la mvuke liliharibika, alisema, lile la kuivishia makopo yakishafungwa. Mzigo mzima ukatoka nusu mbichi, wakagundua baadaye. Bwana afya aliamuru uchomwe, ukachomwa kwenye shimo huko nyuma, moshi ukawatesa hadi jioni. "Mimi mwenyewe niliuona moshi," alisema.

"Moshi uliuona," alisema Mwalimu. "Twende na Shemeji akatuonyeshe shimo."

Shimo lilikuwa nyuma ya machinjio. Njia yake ilipita kwenye mtaro ambamo maji ya damu yalikuwa yameganda na kufanya ngozi juu, na ngozi ile ilikuwa inatembea kwa inzi. Mwalimu aliweka kiganja puani. Kiganja kilikuwa na ule uji wa chaki na mafuta, akakitoa. Akatapika kidogo pembeni ya ukuta, kwa staha, akafuta midomo, akaendelea kutembea kana kwamba alikuwa amesimama kufunga kamba za kiatu. Sajenti alitazama upande mwingine.

"Hapa," alisema Shemeji. "Tulichoma yote."

Mwalimu aliokota fimbo, akashuka shimoni hadi magotini. Majivu yalikuwa mengi, laini, yenye vipande vya maboksi ambavyo maandishi yake bado yalisomeka. Alichokoa kona hii, akachokoa ile. Panya alitoka, akamwangalia, akarudi kwenye shughuli zake. Fimbo ilizama hadi udongo mwekundu bila kugonga chochote.

"Maboksi nayaona," alisema. "Makopo yako wapi?"

"Si yaliungua, mkuu."

"Bati?"

Shemeji alijilamba midomo.

"Bati linabadilika rangi, linapinda, linashika kutu. Haliwi majivu. Hapa pangekuwa na mlima wa makopo meusi, tusingepata pa kukanyaga. Mlichoma maboksi matupu, Shemeji. Moshi kwa ajili ya bwana afya."

"Aliangalia kwa mbali," alisema Shemeji, kama anayemlaumu bwana afya kwa uvivu wake. "Harufu ilimshinda."

"Halafu mkafuta wino na kuchapa upya."

"Spiriti na kitambaa. Inatoka vizuri tu." Alikuwa ameshaanza, na sasa yalimtoka bila kukwama, kwa sauti ya mtu anayeeleza kazi. Makopo yalionekana mazima, hayakuvimba, ilikuwa dhambi kuyatupa. Akayaficha ghalani mpaka msimu ukageuka. Namba ya zamani isingetoka getini, mlinzi aliikariri tangu siku ya moshi. Akageuza tarakimu mbili tu, kwa muhuri wa mkono wa ghalani, kwa sababu wapakizi wangetaka tisa yao. "Ningejuaje kuna hesabu nyingine? Shemeji wangu, bosi mwenyewe, hakuniambia."

"Mzigo wote uko wapi?"

"Umebaki ghalani, nyuma ya chumvi. Nyumba ya wazee ndio walikuwa wa kwanza." Akajifuta mikono kwenye shati. "Nilianza na wao kwa sababu wale hawalalamiki."

Mwalimu alimwangalia usoni. Ule uchafu wote aliopita asubuhi hii, mtaro, inzi, panya, kiini cha yai, ulikuwa na nafuu; ungeweza kuuosha kwa maji na dawa. Hili alilolisikia sasa hakujua lingeoshwa na nini. Alipanda kutoka shimoni bila kumpa mkono wala kuupokea aliopewa.

"Sajenti, pingu. Na mlinzi akae mlangoni mwa ghala, asitoke hata panya."

Meneja alikuwa anasafisha meno kwa kijiti. Kisahani cha maganda kilikuwa bado mezani. Mwalimu hakukaa.

"Mwezi wa kumi," alisema, "ukiugeuza, namba yako inapona. Inagawanyika kwa tisini na tisa bila baki."

Kijiti kilisimama.

"Nina swali moja tu. Kanuni umeibuni wewe. Mimi nimehangaika na chaki kwenye turubai, nikajaribu jirani kwa jirani. Wewe polisi walipokuletea kopo na taa ikawaka nyekundu, ilikuchukua muda gani?"

Meneja alitazama mashine yake, akatazama dirisha. Kule chini Shemeji alikuwa anapandishwa kwenye gari.

"Baki ya tisa," alisema mwishowe. Na Mwalimu, ambaye alidhani ameshamaliza kushangaa kwa siku hiyo, aliona uso ule ukichangamka tena, kidogo, kwa kujisahau. "Baki ya tisa maana yake jirani wawili wanaopishana kwa moja, ndani ya jozi. Niliiona hapo hapo. Mtu yeyote anayeijua namba hii vizuri angeiona hapo hapo." Akakiweka kijiti mezani taratibu. "Ni kaka wa mke wangu, Mwalimu. Ungefanyaje? Na yule mpishi, nilijua mahakama itamwonea huruma."

"Simama," alisema Mwalimu. "Funga kwanza mdomo, halafu simama."

Walifika kituoni gari la kwenda mahakamani likiwa limeshawashwa. Mwalimu alilizima mwenyewe, akachukua ufunguo. Kabla ya kwenda mahabusu alinawa mikono kwa sabuni ya mche, akanawa tena, akajinusa. Mafuta yalikuwa yale yale.

Mpishi alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, mama wa makamo, mikono imelala mapajani kana kwamba si yake. Tangu akamatwe alikuwa ameeleza habari za lori mara moja tu. Lililobaki alilirudia kwa kila aliyempitia: mmoja wa waliokufa alikuwa shangazi yake, aliyemlea, na siku ile alimwongezea.

"Mama, unaweza kwenda," alisema Mwalimu. "Nyama iliharibikia kiwandani. Tumewapata."

Hakuinuka. "Nilimwongezea, afande. Alipenda nyama laini, nikachota mara ya pili nikampa. Nisingemwongezea je?"

Mwalimu hakujua. Hakuna aliyejua kipande kipi kilikuwa na nini. "Kijiko kimoja kilitosha," alisema, na lilikuwa jambo la kwanza kulitamka siku hiyo bila kulipigia hesabu.

Mpishi alitikisa kichwa polepole. Kisha akauliza jingine.

"Huyo mkubwa wao. Alijua mimi niko humu ndani?"

"Alijua."

"Na alijua siyo mimi?"

"Tangu siku ya kwanza."

Mpishi alisimama, akajifunga kanga yake vizuri kiunoni, akatoka hadi mlangoni. Hapo akageuka, akakusanya mate mdomoni bila haraka, akatema katikati ya sakafu ya kituo.

Askari wa zamu alimtazama Sajenti. Sajenti aliyaangalia mate, akamfungulia mama yule mlango, akausogeza mwili wake upande ili apite.